Bonde la Ufa Ndani ya Sanduku la Mchanga

Wasee, ile Bonde la Ufa tulichorewa kwa ubao haikuwa na uzito. Odijo alipiga mistari miwili, katikati akaandika jina, tukakopi, tukasonga. Manze, vaa miwani ya VR, fungua Google Earth, alafu paa toka Nairobi uelekee Naivasha. Ardhi inaanguka tu, paap!

Hapo unasimama juu ya Longonot, mita 2,776, ukicheki kreta yenye iko na msitu wake ndani. Songa kaskazini ufike Menengai, kaldera ya karibu kilomita 12 kwa 8, na Nakuru nzima imekaa mgongoni mwake. Katikati umepita Olkaria, penye joto ya chini imekuwa ikitupea stima tangu 1981. Hizo zote ziko kwa laini moja, na ukiwa hewani unaiona wazi: Afrika inapasuka, milimita chache tu kwa mwaka.

Lakini kitu inanibamba zaidi ni sanduku la mchanga. Oliver Kreylos na mbogi yake ya Chuo Kikuu cha California, Davis, huko Marekani, ndio waliiunda. Kamera ya Kinect, ile ya gemu za Xbox, inapima urefu wa mchanga, alafu projekta inaumwagia rangi na kontua hapo hapo. Ukijenga mlima, kontua zinabanana penye mteremko ni mkali. Ukichimba, zinahama mbele ya macho yako. Tandaza kiganja juu yake, mvua inanyesha, maji ya bluu inateremka kutafuta penye pako chini.

Hiyo mvua ndio rada yenyewe. Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024, hapo Mai Mahiu, mtaro wa kupitisha maji chini ya reli uliziba, maji ikajaa nyuma ya tuta, alafu ikaachilia yote mara moja. Kijiji cha Kamuchiri kilibebwa watu wakiwa wamelala. Sasa jenga huo mteremko kwa mchanga, weka tuta, nyesha mvua, toboa na kidole. Dogo wa darasa la sita atakuonyesha nyumba gani iko njiani. Msee ananunua ploti chini ya mlima anafaa kuona hiyo kitu kabla atoe doo.

Ukweli, miwani haikupei harufu ya salfa wala mvuke wa Hell's Gate usoni, na obsidiani ya Naivasha lazima uishike ndio ujue vile inakata. Fare ikipatikana, enda.

Kwa sasa, programu ya sanduku ni ya bure kwa intaneti. Unahitaji kompyuta ya Linux yenye kadi poa ya grafiksi, projekta, Kinect ya mitumba na mchanga safi. Wale mko na ukumbi wa vijana mtaani, anzeni na hiyo, na muwaite madogo wa jiografia kwanza.