Bei ya Siagi ya Karanga Imo Kwenye Ungo

Kuchambua ni kazi ya ungo kabla haijawa kazi ya gazeti. Mtu huketi barazani, ungo mapajani, akatenga punje na taka, nzima na mbovu. Naanza na ungo kwa sababu kuna swali ambalo wazazi wenye watoto wa shule huniuliza, na vijana wanaokwenda jimu nao huniuliza: siagi ya karanga isiyotiwa kitu kingine inapatikanaje bila kumaliza mfuko? Wengi hudhani jibu limo kwenye mashine, wakataka kujua blenda gani na ya wati ngapi. Mashine ni sehemu ndogo ya habari hii. Kinachoamua bei ya siagi ya karanga, na kama inafaa kuliwa, ni punje zilizoingia humo.

Tuanze dukani, kwenye kopo. Maandishi makubwa ya mbele yaache, geuza nyuma usome viambato. Siagi ya karanga haihitaji kitu zaidi ya karanga, na chumvi kwa anayeipenda. Ukikuta sukari, mafuta ya mawese au mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani, umeshajua kwamba hujauziwa karanga tupu. Mafuta hayo yana kazi yake. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta na takribani robo ni protini. Punje ikisagwa, mafuta hutoka yalikojificha, na kwa kuwa ni mepesi kuliko chembe zilizobaki, baada ya siku kadhaa hupanda juu na kuelea. Mafuta yaliyogandishwa, hata yakiwa asilimia moja au mbili tu, huyashika yasipande. Kwa hiyo siagi uliyoikuta na mafuta yanayoelea haijaharibika. Imekaa kama karanga inavyokaa ikiachwa peke yake.

Maandishi ya mbele nimesema tuyaache, ila moja linanichekesha: “Haina kolesteroli.” Karanga ni mmea, na haijawahi kuwa na kolesteroli ya kujisifia tangu iumbwe. Ni sawa na kuuza maji kwa kutangaza kwamba hayana mifupa.

Sasa hesabu. Tuseme kilo ya karanga zilizobanguliwa unaipata kwa shilingi 5,000. Ukizichambua kwa haki, utatoa gramu 50, pengine 100. Ukizikaanga, unyevu unaondoka, kisha ngozi nyekundu inapeperushwa. Mkononi unabaki na kama gramu 850. Gawa 5,000 kwa 0.85, utapata kiasi cha shilingi 5,900 kwa kilo ya siagi, na kopo la gramu 400 halifiki shilingi 2,400 kabla ya moto na umeme. Weka bei ya soko lako pale nilipoweka yangu, kisha linganisha na kopo la dukani. Tofauti utakayoiona haiendi yote kwenye faida. Humo mna chupa, lebo, lori, kodi na pango la duka. Kama mwenye kiwanda ni mwaminifu, mna pia mishahara ya watu wanaokaa kutwa nzima wakitenga punje mbovu. Kama si mwaminifu, hapo ndipo anapobana matumizi, na mlaji hatajua, maana kilichokwisha kusagwa hakichambuliki.

Hili la kuchambua lina historia. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi uliishia kwenye chakula chao, mashudu ya karanga kutoka Brazili yaliyoota kuvu. Kuvu hiyo ilikuwa imeacha sumu, ikaitwa aflatoksini, ambayo sisi sasa tunaiita sumukuvu. Hushambulia ini. Kwa kiasi kikubwa huua kwa siku chache, na kwa kiasi kidogo kinacholiwa miaka mingi huleta saratani ya ini. Hatuna haja ya kwenda Uingereza kuitafuta. Mwaka 2016 watu 20 walifariki Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, chanzo kikiwa mahindi. Mwaka 2019 shirika la viwango la Kenya lilisimamisha uuzaji wa chapa kadhaa za siagi ya karanga kwa kuzidisha sumu hiyo. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika nchi za Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 katika kilo, na mikrogramu moja ni sehemu ya milioni ya gramu. Hakuna ulimi unaoweza kuionja.

Lakini sumukuvu ina tabia moja inayotusaidia: haisambai sawasawa. Katika gunia zima, sehemu kubwa ya sumu inaweza kuwa kwenye punje chache sana, na punje hizo mara nyingi zinajionyesha. Zimesinyaa, zimevunjika, zimetobolewa na wadudu, zimebadilika rangi, au zina vumbi la kijani au njano kwenye mkunjo. Viwanda vikubwa huziondoa kwa mashine zenye macho ya umeme yanayosoma rangi ya kila punje inayopita. Wewe una macho mawili na ungo. Ni kweli kwamba macho hayakamati zote, na kukaanga hupunguza sumu kwa sehemu tu bila kuimaliza, lakini kati ya kazi zote za jikoni hakuna inayokaribia hii ya kuchambua kwa faida kwa kila dakika unayoitumia.

Ndiyo maana sinunui karanga za unga sokoni, hata ziwe rahisi vipi. Punje iliyokataliwa na mnunuzi makini haitupwi. Inashuka bei, na mahali pazuri pa kuificha ni kwenye kinu. Hofu hiyohiyo ninayo kwa karanga zinazosagwa pamoja na mahindi na mtama kuwa unga wa lishe wa watoto. Kama mtoto anahitaji karanga kwenye uji, na anazihitaji, mtilie kijiko cha siagi uliyoitengeneza mwenyewe uji ukiwa tayari.

Kununua nako kuna msimu. Kanda ya kati ya Tanzania, Dodoma na Singida, karanga hupandwa kwa mvua za Desemba na kuanza kung'olewa Aprili. Miezi inayofuata ndiyo ya kununua, kabla bei haijaanza kupanda kuelekea mwisho wa mwaka. Dodoma hiyohiyo ndiko iliko Kongwa, ambako Waingereza walianza mwaka 1947 kufyeka pori kwa matrekta ili walime karanga na kupata mafuta ya kula kwa nchi yao iliyotoka vitani. Udongo ukakauka ukawa kama saruji, mvua zikawakimbia, na mwanzoni mwa 1951 mradi ukafutwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Karanga za leo zinatoka kwa mkulima mwenye jembe la mkono, na ugumu wake si wa matrekta. Kubangua kwa vidole kunaumiza, kwa hiyo wapo wanaolowesha maganda kwa maji yalainike. Unyevu huo ndio kuvu inaousubiri. Ukizipata zikiwa bado kwenye maganda makavu, yanayolia ukiyatikisa, zinunue hizo. Ganda ni ghala ambalo karanga imejijengea yenyewe.

Sokoni Majengo, pale mjini Dodoma, mazungumzo huwa mafupi.

“Shikamoo mama. Hizi za msimu huu?”

“Marahaba mwanangu. Onja.”

Unaonja. Karanga mpya ni tamu na inakatika kwa mlio. Ya zamani inainama kidogo kwanza, na ikishachacha inaacha ukali nyuma ya ulimi. Yenye uchungu usiimeze, iteme. Halafu chota kiganja kimoja kutoka chini ya sufuria, si juu, ukihesabu ngapi kati ya hizo ungekataa. Zikizidi mbili tatu katika kiganja, shukuru na usogee meza ya pili.

Nyumbani, zichambue mara mbili: kabla ya kukaanga, na baada ya kutoa ngozi, maana ngozi nyekundu huficha madoa. Kaanga kwenye kikaango kizito kwa moto mdogo, ukikoroga bila kuchoka, dakika 15 hadi 20. Wauza karanga wa mitaani hutumia mchanga au chumvi ili joto lienee, na wana haki. Jua zimeiva kwa kuvunja punje moja: ndani iwe rangi ya majani makavu ya mgomba, si nyeupe, si kahawia ya kahawa. Zimwage kwenye kitambaa, zisugue, peperusha ngozi.

Zisage zingali na joto, maana mafuta ya moto hutoka upesi. Humo kwenye blenda utapita hatua tatu, na watu wengi hukata tamaa kwenye ya pili. Kwanza unapata unga. Kisha unga unashikana kuwa donge linalojibandika kwenye kuta, na mtu anaona mambo yameharibika, anaongeza maji. Usiongeze maji kamwe. Ukisubiri, ukizima na kukwangua pembeni kila baada ya nusu dakika, donge linaachia mafuta na kuwa rojo linalong'aa. Kuzima ni lazima pia kwa sababu ya mota. Niliwahi kutozima, na harufu iliyotoka haikuwa ya karanga.

Sababu za kukataza maji ni mbili. Ya kwanza utaiona papo hapo: tone la maji hufanya siagi igande kuwa udongo, kwa kuwa chembe za karanga hunywa maji na kushikana. Asali hufanya vivyo hivyo, maana nayo ina maji, kwa hiyo ipake juu ya mkate badala ya kuisaga humo. Ya pili ni ya kudumu: bakteria hawawezi kuzaliana pasipo maji. Kanuni hiyo ndiyo iliyozaa Plumpy'Nut, ile pakiti ya karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta na vitamini iliyobuniwa Ufaransa mwaka 1996 kwa watoto wenye utapiamlo mkali. Haikorogwi kwa maji, haihitaji friji, na mama anaweza kumlisha mtoto nyumbani, mbali na wodi.

Asiye na blenda ana njia mbili. Kinu na mchi hufanya kazi, ila mkono utalalamika. Njia rahisi ni mashine za kusagia karanga zilizoenea kwenye maduka na masoko ya Nairobi na Dar es Salaam: nenda na karanga zako, ulizochambua na kukaanga mwenyewe, ulipe usagaji tu. Mwombe mwenye mashine atenge kijiko cha kwanza kinachotoka, maana hayo ni mabaki ya mteja aliyekutangulia, na hujui ungo wake ulikuwaje. Mashine ya kusagia mahindi usiisogelee, mafuta yataiziba na utagombana na mwenyewe.

Weka kwenye chupa ya kioo iliyokauka kabisa. Katika joto la pwani tengeneza ya wiki tatu hadi nne, si zaidi, kwa kuwa mafuta ya karanga yakikutana na hewa na joto huchacha. Ukiisimamisha chupa kichwa chini usiku wa kwanza, mafuta yatapanda kuelekea kitakoni, na asubuhi ukiigeuza itakuwa nyepesi kukoroga.

Zinabaki zile punje ulizozitenga pembeni mwa ungo. Mkono utavutwa kuwatupia kuku. Usiwape, wala usimpe ng'ombe wa maziwa, maana sumukuvu hupita hadi kwenye maziwa. Bata mzinga wa 1960 nao walikuwa wamelishwa mabaki ya karanga. Zitie motoni.