Kununua Shamba Njukini

Njukini iko upande wa Taveta, kwenye barabara ya kuelekea Illasit, hatua chache kutoka mpaka wa Tanzania. Shamba la huko halinunuliwi kwa kupeana mikono tu. Kwanza mnunuzi hupekua sajili ya ardhi ajue hatimiliki ni ya nani, na kama ina deni la benki au zuio. Kisha mpima ardhi huhakikisha mipaka papo hapo shambani; majirani waitwe, maana wao ndio wanaoijua.

Hatua inayopuuzwa zaidi, na inayoumiza zaidi, ni idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Ombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu makubaliano. Bila idhini hiyo mauzo ya shamba ni batili, hata pesa zote zikiwa zimelipwa. Kama ni makao ya ndoa, mume au mke wa muuzaji lazima akubali.

Ushuru wa stempu mashambani ni asilimia 2 ya thamani. Asiye raia, hata jirani wa ng'ambo ya mpaka, hawezi kumiliki ardhi ya Kenya daima: Katiba ya 2010 humruhusu kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99.