Hipnosia na machale: maswali yanayoulizwa zaidi

Wanaouliza habari za tiba ya hipnosia huwa na mambo mawili moyoni. Kwanza wanataka kujua kama inaweza kuwapunguzia maumivu, hofu au tabia iliyowashinda. Pili, wamesikia kwamba inamfungulia mtu hisia ya sita, yaani machale, akaanza kuyajua mambo kabla hayajatokea. Kwa swali la kwanza tuna majibu mazuri yenye ushahidi. La pili linataka tahadhari kubwa, na hapa chini nitaeleza kwa nini.

Hipnosia ni nini hasa?

Ni hali ya akili kutulia juu ya jambo moja hadi mengine yakafifia, na mtu akayapokea kwa wepesi zaidi maelekezo anayopewa. Si usingizi, vipimo vya mawimbi ya ubongo huonyesha kuwa mhusika yuko macho.

Kikao chenyewe hakina mbwembwe. Mtaalamu huanza kwa kukuuliza tatizo lako na historia ya afya yako. Kisha unakaa kwenye kiti, unakazia macho alama ukutani, unafuata pumzi zako, halafu unafumba. Anaweza kukuambia kwamba mkono wako wa kulia unakuwa mwepesi na unaanza kuinuka, na watu wengi huviona vidole vikicheza vyenyewe kabla hawajaamua kuvisogeza. Hapo ndipo huingiza maelekezo ya tiba, kwa mfano kwamba eneo linalouma linapoa na kufa ganzi. Mwisho anahesabu taratibu, unafumbua macho, mnazungumza.

Je, kuna uchawi au maruhani ndani yake?

Suala hili lilichunguzwa zamani, hipnosia ilipokuwa bado haijapata jina hilo. Daktari Franz Anton Mesmer, aliyetoka Vienna akahamia Paris, alidai kwamba anaponya kwa nguvu ya sumaku inayopita kwenye miili ya viumbe. Mwaka 1784 Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa aliunda tume iliyowajumuisha mwanasayansi Benjamin Franklin na mwanakemia Antoine Lavoisier. Katika bustani ya Franklin huko Passy, karibu na Paris, mfuasi wa Mesmer aliutia "nguvu" mti mmoja, kisha mvulana wa miaka 12 akafungwa kitambaa machoni na kupitishwa mti hadi mti. Alizirai kwenye mti wa nne, ambao haukuwa umeguswa kabisa.

Tume ikaamua kwamba nguvu ile haipo, na kilichofanya kazi ni fikra za mhusika. Wengi walidhani hukumu hiyo imeimaliza habari yote, ilhali jambo kubwa lilikuwa limeonekana waziwazi: fikra peke yake imemwangusha mtoto. Miaka ya 1840, James Braid, daktari Mskoti wa upasuaji aliyefanya kazi Manchester, ndiye aliyelishika jambo hilo na kueleza kwamba chanzo kimo katika umakini wa mtu mwenyewe. Kwa hiyo hakuna dua, kafara wala pepo. Mtaalamu anaongoza tu. Anayefanya kazi ni wewe.

Nitapoteza fahamu na kutoboa siri zangu?

Hapana. Utasikia kinachosemwa, utaweza kukataa, na ukitaka utainuka uende zako. Wale unaowaona wakichekesha watu jukwaani katika maonyesho ya hipnosia wamejitolea, na mwongozaji amewachuja kwanza ili abaki na wanaoitika upesi.

Watu hawafanani katika kuitika. Kipimo kilichotengenezwa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1959 na Andre Weitzenhoffer na Ernest Hilgard kina majaribio 12, na matokeo yake yamekuwa yaleyale mara nyingi: wachache, kama mmoja kati ya kumi, huitika sana, wachache wengine huitika kidogo mno, walio wengi wako katikati. Kuitika sana si ujinga wala udhaifu wa akili.

Inasaidia matatizo gani?

Ushahidi ulio imara zaidi uko kwenye maumivu. Mwaka 2000 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Elvira Lang na wenzake, Marekani, kwa wagonjwa 241 waliopitishiwa mirija mwilini huku wakiwa macho. Waliosaidiwa kwa hipnosia walihitaji dawa kidogo, maumivu yao hayakupanda kadiri muda ulivyokwenda, na shughuli ilichukua wastani wa dakika 61, wakati kwa waliohudumiwa kwa kawaida ilichukua 78. Huko Liège, Ubelgiji, timu ya Marie-Elisabeth Faymonville imeitumia tangu mwaka 1992 pamoja na ganzi ya sehemu na dawa kidogo za kutuliza, na maelfu ya wagonjwa wamefanyiwa upasuaji hivyo bila kulazwa usingizi kamili.

Eneo jingine ni tumbo. Wapo watu ambao tumbo huwanyonga na kujaa gesi kwa miaka, mara wanaharisha mara wanafunga choo, na vipimo havionyeshi kidonda wala uvimbe. Mwaka 1984 Peter Whorwell na wenzake wa Manchester walionyesha nafuu kubwa kwa wagonjwa wa namna hiyo ambao dawa zilikuwa zimeshindwa. Leo mwongozo wa kitabibu wa Uingereza unaitaja hipnosia miongoni mwa njia za kufikiriwa pale dawa zinaposhindwa kwa miezi 12.

Kwa kuacha sigara, ushahidi uliopo hautoshi kuthibitisha kwamba inazishinda njia nyingine. Na haiui vimelea, haishushi virusi, haiyeyushi saratani. Anayekuambia uache dozi yako kwa sababu ya hipnosia, mkimbie.

Inaweza kunirudishia kumbukumbu zilizopotea?

Hapa ndipo penye hatari. Mwaka 1985 baraza la kisayansi la Chama cha Madaktari cha Marekani lilipitia suala hili na kukuta kwamba kumbukumbu zinazoibuliwa kwa hipnosia huchanganyika na mambo ya kubuni, na si sahihi zaidi kuliko zile za kawaida. Miaka mitatu kabla ya hapo, Mahakama ya Juu ya jimbo la California ilikuwa imeuwekea mipaka mikali ushahidi wa shahidi aliyepitishwa katika hipnosia. Tatizo ni kwamba mtu hutoka kikaoni akiwa na uhakika zaidi, na uhakika huo haulingani na ukweli. Picha iliyotungwa na akili huja na rangi, sauti na machozi sawasawa na tukio lililotokea.

Na machale je, yapo kweli?

Yapo. Gary Klein, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetafiti wazima moto, alisimuliwa kisa na kamanda mmoja. Kikosi chake kiliingia kwenye nyumba iliyokuwa ikiungua jikoni. Walimwaga maji kutokea sebuleni, moto ukarudi kwa nguvu ileile. Machale yakamcheza, akaamuru wote watoke. Punde tu, sakafu waliyokuwa wamesimama ikaporomoka, kwa kuwa moto wenyewe ulikuwa chini, kwenye chumba cha ardhini.

Kamanda aliamini ana kipaji kisicho cha kawaida. Walipochambua dakika zile pamoja, ikaonekana alikuwa amezisoma dalili: sebule ilikuwa na joto kuliko moto mdogo wa jikoni ungeweza kutoa, na moto ulikuwa kimya mno kwa joto kama lile. Miaka ya kazi ilikuwa imemfundisha moto unavyotakiwa kuwa, na huu haukuwa hivyo. Mwili wake ulikataa kabla ulimi haujapata maneno. Ndivyo anavyojua mkunga mzoefu kwamba mama huyu hayuko sawa, na ndivyo fundi gari anavyosikia ubovu wa injini kabla hajafungua boneti.

Yanaweza kukuzwa?

Ndiyo, kwa masharti. Mwaka 2009 Klein na mwanasaikolojia mwenzake Daniel Kahneman, waliokuwa wakivutana kuhusu jambo hili, waliandika pamoja na kukubaliana kwamba machale huaminika penye mambo mawili: mazingira yenye mpangilio unaojirudia, na nafasi ya kutosha ya kujifunza kwa kuona matokeo ya maamuzi yako. Wodi na gereji zina masharti hayo. Kubashiri bei ya hisa, namba za kamari au siasa za miaka mitano ijayo hakunayo.

Basi anza na daftari. Jambo linapokujia, andika kabla halijatokea: nahisi nini, nina uhakika kiasi gani, nimeona dalili gani. Likishapita, rudi uandike kilichotokea, ukihesabu ulipokosea kwa uaminifu uleule unaohesabia ulipopatia. Baada ya miezi kadhaa utaona ni wapi moyo wako unajua na ni wapi unaogopa tu. Mtu aliyewahi kuumizwa huhisi hatari hata kwa asiye na neno naye, na hisia hiyo inataka tiba, haitaki kutiiwa.

Hipnosia itanikuzia machale?

Inaweza kukutuliza, na mtu aliyetulia huziona dalili ambazo mwenye wasiwasi anazipita. Haiwezi kukupa ujuzi usiokuwa nao. Ukiingia kikaoni kuuliza kama mume ni mwaminifu au ndugu gani amekuroga, utatoka na jibu, nalo litakuwa ni hofu yako iliyovishwa uhakika. Familia huvunjika kwa majibu ya namna hiyo.

Nimchague mtaalamu wa aina gani?

Mtafute aliyesomea kwanza udaktari, saikolojia, uuguzi au udaktari wa meno, halafu akajifunza hipnosia kama nyenzo ya kazi yake. Mwambie wazi kama uliwahi kusikia sauti zisizosikiwa na wengine au una kifafa. Mwenye historia ya ugonjwa mkubwa wa akili aanzie kwa daktari wa magonjwa hayo. Muulize anatarajia nini na baada ya vikao vingapi mtapima maendeleo. Anayeahidi kuponya kila kitu, kukuonyesha maisha yajayo au kukutajia mbaya wako, usimlipe hata shilingi. Mtaalamu wa kweli atakuambia mapema mambo asiyoyaweza, na atakufundisha kujituliza mwenyewe nyumbani ili siku moja usimhitaji tena.