Kutu kwenye paa la gari: usikubali puti kabla hujaona chuma

Ukisimama pale Mikese, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Morogoro, utaona magari mengi ya zamani bado yako kazini: Hiace za abiria, pikapu, na Land Cruiser zinazoteremsha ndizi na viungo kutoka milima ya Uluguru. Injini nyingi bado ni nzima. Kinachoyamaliza ni kutu, na mara nyingi huanzia juu, mahali ambapo mwenye gari haangalii.

Inaanzia wapi?

Chuma hushika kutu kinapokutana na maji na hewa kwa pamoja. Juu ya paa, maji hutuama kwenye mfereji wa pembeni, chini ya miguu ya keria na chini ya raba ya kioo cha mbele. Turubai bichi likiachwa juu siku nzima huzidisha tatizo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndiyo maana rangi huvimba kama malengelenge. Ukiona lengelenge, ujue chini yake chuma kimeshaanza kuliwa.

Pima kwanza

Teremsha silingi ya ndani, kisha gonga taratibu kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia, kilichooza hubonyea. Weka pia sumaku. Land Rover nyingi za zamani zina paa la aluminiamu, na sumaku haishiki. Hilo halitoi kutu nyekundu, bali unga mweupe panapogusana na bolti za chuma, na kuliunga kunahitaji fundi anayejua kuchomelea aluminiamu.

Kutu ya juu juu

Ikwangue kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, ukivuka mpaka wa kutu kwa upana wa vidole viwili au zaidi. Futa vumbi na mafuta kwa tina, kausha, kisha paka praima siku hiyo hiyo. Chuma kitupu kikilala na umande, kutu inarudi.

Palipotoboka

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Puti ikipakwa juu ya tundu hunyonya maji kutoka chini, na masika yakija inabanduka. Njia sahihi ni kukata sehemu yote iliyooza hadi kwenye chuma kizima, kisha kuchomelea kiraka cha bati la bodi lenye unene unaolingana na wa paa. Usikubali kipande cha bati la kuezekea nyumba: lina zinki, na moshi wake wakati wa kuchomelea humletea fundi homa na baridi.

Kabla ya kuchomelea, chomoa betri, ondoa silingi na nyaya zilizo karibu, na weka ndoo ya maji. Mwambie fundi achomelee kwa nukta, akihama huku na huku, maana joto likikaa sehemu moja paa hupinda. Viungo vizibwe kwa silanti ya bodi. Silikoni yenye harufu ya siki isitumike, kwa sababu asidi yake hula chuma. Upande wa ndani nao upakwe praima.

Kama kutu imefika kwenye nguzo zinazoshika paa, kiraka hakitoshi. Nguzo hizo ndizo zinazowalinda abiria gari likipinduka.

Mkubaliane mapema

Mwambie fundi kabla hajaanza: puti isipakwe mpaka uone chuma kilichosafishwa na kiraka kilichochomelewa. Kama huwezi kufika gereji, akutumie picha kwa simu. Panga kazi hii Juni hadi Septemba, kukiwa kukavu, usingoje masika ya Machi. Gari likirudi, mwagia maji juu ya paa kabla silingi haijarudishwa, mtu mmoja akiwa ndani anaangalia. Likivuja, lirudi kwa fundi kabla hujamaliza kulipa.