Zamu ya Baridi Kando ya Mto Severn

Askari aliyepata kushika zamu ya usiku anajua kwamba kazi ya macho ni ngumu kuliko kazi ya miguu. Mwenye kutembea hupata joto. Mwenye kutazama hupigwa na baridi, wala haruhusiwi kukohoa au kuwasha sigara. Kwa hiyo ndugu zetu wa jeshi na polisi wasishangae tukisema kwamba siku tuliyokwenda kutazama ndege huko Uingereza, katikati ya majira ya baridi, ilitukumbusha zamu kuliko matembezi.

Mahali penyewe huitwa Slimbridge, katika jimbo la Gloucestershire, ukingoni mwa Mto Severn upande wa mashariki. Ni nchi tambarare ya malisho, madimbwi na matope. Tulifika mwezi wa Januari, saa mbili asubuhi, na jua lilikuwa bado halijachomoza. Majani yalikuwa meupe kwa sakitu, na pumzi zetu zilitoka kama moshi. Mwenyeji wetu alitupa darubini, akatuongoza hadi kibanda cha mbao chenye matundu membamba ukutani, akatuonya tusizungumze kwa sauti.

Kwa muda mrefu hatukuona ila ukungu. Ulipoinuka, tuliona mamia ya mabata bukini wakichunga majani kama ng'ombe. Walio wengi walikuwa wameinamisha vichwa, lakini pembeni mwa kundi walisimama wachache, shingo zimenyooka, wakitazama huku na huku. Baada ya kitambo mlinzi mmoja aliinama kula, na mwingine akainua kichwa. Kundi hilo halikuwa na kamanda, na hata hivyo zamu haikukosa mtu. Mara kozi akapita juu ya dimbwi, na kufumba na kufumbua ndege wote wadogo wa matopeni wakaruka pamoja, wakigeuka huku na huko kama kitambaa kinachopeperushwa na upepo.

Mwanzilishi wa mahali hapa alikuwa mwanajeshi. Peter Scott, aliyezaliwa mwaka 1909, alitumikia jeshi la majini la Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, akaongoza mashua za vita na kupata nishani ya ushujaa. Kabla ya vita alikuwa mwindaji hodari wa mabata. Desemba 1945 alifika Slimbridge kumtafuta bata bukini wa aina adimu miongoni mwa maelfu ya wenziwe, naye alimpata. Mwaka uliofuata, 1946, alianzisha hapo chama cha kuwahifadhi ndege wa majini. Vibanda vya zege vilivyojengwa wakati wa vita kwa ajili ya kumlenga adui vikatumika kuwatazama ndege. Baadaye Scott aliacha uwindaji kabisa. Alifariki mwaka 1989.

Kabla ya saa kumi na moja jioni jua lilikuwa limekwisha kuchwa. Ndipo walipokuja wageni tuliowangoja tangu asubuhi: batamaji weupe, wenye shingo ndefu, waliosafiri kilomita zipatazo 4,000 kutoka kaskazini ya mbali ya Urusi. Waliteremka wawili wawili, kwa kuwa dume na jike hukaa pamoja miaka mingi, na kuachana kwao ni nadra mno. Mtumishi mmoja akawamwagia nafaka kutoka katika toroli.

Mwaka 1964 Scott alitambua kwamba madoa meusi na ya manjano yaliyo mdomoni mwa ndege hawa hayafanani kwa wawili wowote. Akawachora mmoja mmoja na kumpa kila mmoja jina. Askari wa upelelezi wataelewa upesi: ni sawa na alama za vidole. Tangu hapo kila batamaji afikaye huandikwa daftarini, na asiyerudi hujulikana.

Nao wasiorudi wamekuwa wengi. Mwaka 1995 batamaji wa aina hii waliohesabiwa Ulaya ya kaskazini-magharibi walikuwa kama 29,000; mwaka 2010 walikuwa wamebaki kama 18,000. Sababu ni nyingi, na baadhi zingali zikichunguzwa. Lakini jambo moja lilitukaa moyoni. Ndege hawa wanalindwa na sheria katika kila nchi wanayopita. Hata hivyo, walipopigwa picha za eksirei kwa miaka mingi, karibu theluthi yao walikutwa na marisau mwilini. Ndege mwenye jina na daftari, anayelindwa na sheria kutoka Urusi hadi Uingereza, anafika kwake akiwa amebeba risasi za watu ambao hakuna aliyewaona.

Hapo ndipo tulipoikumbuka nyumbani Uganda. Kila asubuhi askari wetu huipigia saluti bendera ambayo katikati yake amesimama korongo mwenye taji. Ndege huyo hutaga katika vinamasi, na tangu mwaka 2012 amewekwa katika orodha ya dunia ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Vinamasi vinakaushwa, mayai yanachukuliwa, na makinda yanakamatwa yakauzwe. Sheria ya kumlinda tunayo, kama walivyo nayo hao wa Ulaya. Lakini sheria haina macho wala miguu. Macho na miguu yake ni mtu aliye katika zamu.

Askari aliye kambini kando ya kinamasi, au polisi aliye katika kizuizi cha barabarani, anaona mengi ambayo ofisi haiwezi kuyaona. Akipita mtu na kikapu chenye makinda ya korongo, asiseme kwamba hayo si kazi yake. Ndege tunayempigia saluti mlingotini anastahili kulindwa na kinamasini.