Motere ya boti kuzimika katikati ya Kivu: mara mingi inaanzia ku bidon

Mtu anayepanda boti Bukavu kwenda Idjwi au Kalehe anaangalia kwanza jile na hali ya upepo. Motere hakuna anayeiangalia, mpaka izimike. Boti isiyo na nguvu haibaki imeelekea mawimbi: inageuka ubavu, na kama imejaa watu na mizigo, maji yanaanza kuingia. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilipinduka karibu na Goma, na makumi ya watu walikufa. Pale lililotajwa ni kujaza watu kupita kiasi, na hilo hakuna fundi anayeweza kulitengeneza. Lakini motere mbovu ndani ya boti iliyojaa ni hatari juu ya hatari.

Ugonjwa mwingi unatoka kwa esanse. Ile inayouzwa na ba-Kadhafi kando ya barabara inapitia bidon nyingi, na maji yanaingia humo kirahisi. Maji ni mazito kuliko esanse, yanakaa chini. Kwa hiyo bidon iachwe itulie, imiminwe polepole kwa kitambaa safi, na ile ya mwisho kabisa isitiwe. Halafu inakuja hesabu ya mafuta: motere nyingi za mapigo mawili, kama Yamaha Enduro, zinataka sehemu moja ya mafuta kwa 50 za esanse. Kwa bidon ya litre 20, hiyo ni mililita 400. Kupunguza mafuta ili kubakiza faranga ni kuuza pistoni. Kuzidisha nako kunachafua buji. Motere ya mapigo manne haichanganyiwi kitu.

Kwa Kivu buji zinachafuka upesi pia juu ya urefu wa mahali. Ziwa liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, esanse inazidi hewa, na moshi mweusi unashika buji. Nguvu nayo inapungua, zaidi ya sehemu moja ya kumi. Motere iliyoandikwa 40 haitoi 40 hapa, na anayepakia mzigo kwa kusoma ile namba anajidanganya.

Kisha maji ya kupoza. Motere nzima "inakojoa": mkondo mdogo unatoka nyuma bila kukatika. Ukikonda au ukikatika, zima mara moja. Mara nyingi ni sashe iliyoziba mlango wa maji, zilezile plastiki zinazosumbua mitambo ya umeme ya Ruzizi. Kama mlango ni safi, basi kigurudumu cha mpira ndani ya pompe kimechoka. Kinaharibika kwa dakika chache tu mtu akiwasha motere ikiwa nje ya maji, jambo ambalo vijana wa bandarini wanapenda kufanya ili "kuisikiliza".

Chini, kwenye elisi, kuna mafuta ya giya yanayosahaulika kabisa. Yabadilishwe kila saa 100 za kazi, au miezi sita. Yakitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Mwenye kosa mara nyingi ni uzi wa nyavu uliojiviringisha nyuma ya elisi na kukata mpira unaozuia maji. Kutoa elisi na kuangalia pale ni kazi ya dakika kumi. Mafuta mapya yanajazwa kutoka tundu la chini mpaka yatokee la juu. Ukijaza kwa juu, hewa inabaki ndani.

Kabla ya kuondoka, kapiteni awe na buji mbili mpya, ufunguo wake, kamba ya kuvutia motere, goupille ya elisi kama motere yake inaitumia, na pagaya mbili. Hivyo vyote, ukiacha pagaya, vinaenea ndani ya kopo moja la maziwa.