Kiti cha Nyuma Kilitaka Kuvunja Ndoa Yangu

Kwa miezi mitatu mke wangu alikataa kupanda pikipiki yangu, nami nikaamini kabisa kwamba ananionea aibu.

Mpenzi msomaji, usicheke kwanza. Mimi nafanya kazi Handeni, mwenzangu ni mwalimu Korogwe. Kati yetu kuna lami ya kilomita kama 65. Kila Ijumaa nilikuwa namfuata Manundu na Honda CG125 niliyoachiwa na marehemu baba, pikipiki ya aina ambayo Honda walianza kuiuza mwaka 1976. Mashine ya kizee, lakini injini yake haina maneno.

Ijumaa moja akaniambia, "Wewe tangulia, mimi nitakuja na basi." Iliyofuata, hivyo hivyo. Kichwa kikaanza kunizunguka: au kuna mwenye gari anampa lifti? Nikanuna, naye akanuna. Simu zetu zikawa "umekula?" "nimekula," basi.

Siku bomu lilipolipuka, ugomvi ulianzia kwenye chumvi ya mchuzi. "Baba Junior, mgongo unaniuma!" akafoka. "Kila tuta natwangwa kama kisamvu. Wewe utajuaje, si umekaa mbele?"

Nikabaki mdomo wazi. Kesho yake nikaenda kwa mzee mmoja fundi, hapo hapo Korogwe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu kaa nyuma."

Akashika usukani yeye. Tulipopita kwenye rasta meno yangu yaligongana. Kwenye tuta la kwanza nikaruka, nikatua vibaya. Jamani! Miaka tisa naimiliki pikipiki ile, sikuwahi hata siku moja kukaa kiti cha mke wangu. Dereva anakaa katikati ya magurudumu mawili, na kwenye shimo anaweza kujiinua kwa miguu. Abiria amekaa karibu juu kabisa ya gurudumu la nyuma, na tuta halioni mpaka limempiga.

Mzee akakandamiza kiti kwa nguvu, akaachia. Pikipiki ikadunda mara tatu, nne, kama kitanda cha springi. Shokapu nzima hupanda mara moja na kutulia. Springi kazi yake ni kubeba uzito. Kinachoizuia isidunde ni oili iliyo ndani ya shokapu, inayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo. Zangu zilikuwa zimevuja zamani, ule mti wake umejaa tope la oili na vumbi. Hapo hata ukikaza springi mpaka mwisho, unamwongezea abiria mateso tu.

Nakiri, ubahili uliniponza. Nilinunua jozi ya bei poa yenye rangi nyekundu inayong'aa, na haikumaliza mwezi kabla ya kuvuja. Vijana wa kijiweni wakanishauri nikate fremu niweke shokapu moja ya katikati, kama pikipiki za kisasa. Ni kweli Yamaha walitwaa ubingwa wa dunia wa motokrosi wa cc 250 mwaka 1973 kwa mtindo huo, lakini fremu yao iliundwa kwa kazi hiyo. Kuchomelea fremu ya marehemu baba kwenye kijiwe? Hapana, asante.

Nikaiweka kando ndoto ya redio kubwa ya sebuleni, nikanunua jozi ya maana. Zote mbili, maana ukibadili upande mmoja, pikipiki inabebwa na miguu miwili isiyolingana. Mzee alipima kutoka tundu la bolti la juu hadi la chini: sentimita 33. Alikataa kuweka ndefu zaidi, akasema mkia utainuka, usukani utakuwa mwepesi kupita kiasi na stendi haitafika chini vizuri. Akatikisa gurudumu la nyuma kushoto na kulia. Likacheza, kumbe bushi nazo zilikuwa zimekwisha. Zikabadilishwa.

Halafu akasema jambo lililonishangaza: "Kamlete mama."

Akatukalisha wote wawili, akapima kiti kimeshuka kiasi gani. Alitaka kishuke robo hadi theluthi ya mwendo wote wa shokapu, akawa anazungusha ringi ya springi ngazi moja moja, pande zote mbili sawasawa, mpaka ikakubali. Cheni nayo aliipima tukiwa tumekaa, kwa sababu uzito ukishuka cheni hukaza. Mke wangu alikaa kimya muda wote, mkono wake begani kwangu. Ulikuwa mkono wa kwanza kwa wiki nyingi.

Jumapili hiyo tulikwenda Handeni pamoja. Tulipokaribia Chanika akanigonga mgongoni.

"Lile tuta kubwa wamelitoa?"

"Lipo. Tumeshalipita."

Akacheka. Sasa anadai sponji mpya ya kiti, na safari hii sibishani.